Kaburi la Nyali: maisha ya Ludwig Krapf, mtu aliyezoea kuzika

Ukitoka kisiwa cha Mombasa ukavuka maji kuelekea kaskazini, unafika Nyali. Leo ni mahali pa nyumba kubwa na mahoteli, na magari hayaishi. Lakini huko huko, karibu na pwani inayotazamana na Mji wa Kale, kuna makaburi ya Wakristo ya zamani sana. Katika kaburi mojawapo amelala mama mmoja Mjerumani pamoja na mtoto wake mchanga ambaye hakumaliza hata majuma mawili duniani. Walizikwa mwezi wa Julai mwaka 1844.

Mume wa mama huyo alikuwa Johann Ludwig Krapf. Wengi wetu tulilisikia jina lake shuleni, tukakariri kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tukajibu swali la mtihani, basi. Mambo mengine hatukufundishwa. Katika makala hii tunataka kumwangalia kama mtu aliyemwamini Mungu, na ambaye karibu kila alichopanga kwa ajili ya Mungu kilivunjika mikononi mwake.

Mtoto aliyepigwa bure

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya. Aliumia, akaugua kwa karibu nusu mwaka.

Katika miezi hiyo ya kulala kitandani alianza kusoma Biblia, hasa habari za Agano la Kale, akiwaza juu ya kifo na uzima wa milele. Alipopata nafuu ikawa wakati wa mavuno. Kwa kuwa hakuwa na nguvu za kufanya kazi shambani, aliketi na wavunaji na kuwasimulia habari za Ibrahimu na Yusufu. Baadhi ya watu wakaanza kusema kwamba mtoto huyu atakuwa mchungaji. Ugonjwa huo ndio uliosababisha apelekwe shule ya mjini, maana bila hivyo angeshika jembe kama baba yake. Hatusemi kwamba kipigo kilikuwa kizuri. Kilikuwa uonevu, na Krapf mwenyewe alijua hivyo. Lakini alipokuwa mzee alikitaja mwanzoni kabisa mwa habari za maisha yake.

Shuleni alipenda ramani. Aliona sehemu za mashariki ya Afrika zikiwa tupu, hazina jina la mto wala mji, akashangaa. Baadaye alisoma katika chuo cha misheni cha Basel, Uswisi, na chuo kikuu cha Tübingen, akawa mchungaji msaidizi kwa muda. Mwaka 1837 Church Missionary Society, shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, ambalo kwa kifupi huitwa CMS, lilimtuma Ethiopia.

Ethiopia: mlango unafungwa mara tatu

Huko Ethiopia alianzia Adwa, katika Tigray. Mwaka 1838 wamisionari wakafukuzwa. Akazunguka njia nyingine hadi Shoa, kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa karibu miaka mitatu. Akajifunza Kiamhari, akaanza kuwajua Waoromo, akaamini kwamba hapo ndipo Mungu alipomweka.

Mwaka 1842 aliondoka Shoa kwenda Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich. Habari ya Rosine yenyewe ilikuwa na machozi kabla ya hapo, kwa sababu alikuwa amechumbiwa na mmisionari mwingine, na kijana huyo akafariki akiwa njiani kwenda Ethiopia. Krapf alimposa kwa barua.

Njiani kuelekea pwani ya Bahari ya Shamu, chifu mmoja aliyekuwa amempokea kama rafiki alimgeuka. Alimweka kizuizini, akamnyang'anya kila kitu, kisha akamwachilia. Krapf aliendelea kwa miguu kama maskini, akila kile watu walichomwonea huruma nacho, mpaka akafika Massawa. Akavuka kwenda Misri, wakafunga ndoa Alexandria.

Kurudi Shoa ikashindikana, maana mfalme hakumtaka tena. Wakajaribu kuingia kwa njia ya Tigray. Rosine alikuwa mjamzito, na katika nyika ya joto karibu na pwani uchungu ukamshika kabla ya wakati. Alijifungua mtoto wa kike chini ya mti, na mtoto hakuishi. Krapf alimbatiza na kumwita Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi. Wenye ngamia hawakukubali kungoja, kwa hiyo baada ya siku chache mama huyo ilimbidi aondoke na msafara. Na huko walikokuwa wakienda, nako wakakataliwa.

Mtu mwingine angesema, sasa yatosha. Krapf alisema kama Ethiopia imefungwa kwa kaskazini, ataifikia kwa kusini. Aliamini kwamba kutoka pwani ya Waswahili mtu anaweza kupanda hadi kwa Waoromo. Basi mwishoni mwa mwaka 1843 wakapanda jahazi kutoka Aden. Jahazi lilivuja mno hata wakakaribia kuzama, wakaokolewa na kurudishwa Aden. Wakapanda jingine. Mwezi wa Januari 1844 walifika Unguja.

Siku za Julai

Sultani Seyyid Said aliwapokea vizuri. Alimpa Krapf barua ya kuwaagiza maliwali wake wa pwani wamtendee kwa wema na kumsaidia. Tunapenda kukumbusha jambo hili, kwa sababu misheni ya kwanza ya pwani yetu ilianza kwa ruhusa ya mtawala Mwislamu. Hata kazi ya kwanza ya Krapf ya kuandika Kiswahili ilisaidiwa na kadhi wa Mombasa.

Walifika Mombasa mwezi wa Mei. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alikuwa na furaha. Nyumba ilipatikana, watu hawakuwa wabaya, lugha ilikuwa inakuja, na mkewe alikuwa karibu kujifungua tena.

Kisha homa ikawaingia wote wawili.

Hapa inafaa tueleze kidogo. Siku zile hakuna aliyejua kwamba malaria inaletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwishoni mwa karne hiyo, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Watu walidhani ni hewa mbaya ya mabwawa. Hakukuwa na chandarua chenye dawa, wala kipimo, wala sindano. Na sisi leo tunajua kile kinachosemwa kila siku kliniki, kwamba malaria humshika mama mjamzito kwa ukali zaidi kuliko wengine, na kwamba mgeni ambaye mwili wake haujaizoea yuko hatarini zaidi. Rosine alikuwa yote mawili.

Alijifungua mtoto wa kike tarehe 6 Julai. Homa ikapanda. Krapf mwenyewe alikuwa amelala kwa homa hiyo hiyo, hana nguvu za kumuuguza mke wala mtoto. Rosine alipojua kwamba anakufa aliwaombea jamaa zake, na kazi ya misheni, na Sultani. Alimwomba mumewe asimzike kisiwani bali ng'ambo, barani, penye njia wanayopita watu wa bara wakija mjini, ili kaburi lake liwakumbushe kwa nini alikuja. Alifariki tarehe 13 Julai. Mumewe alikuwa dhaifu kiasi kwamba ilibidi asaidiwe kuinuka ili auangalie uso wake. Siku chache baadaye mtoto naye akafariki, akalazwa kando ya mama yake.

Basi mtu wa miaka thelathini na minne, amezika watoto wawili na mke katika muda wa miaka miwili, yuko peke yake katika mji wa watu asiowafahamu vizuri, na bado ana homa. Angefanya nini?

Aliandika barua kwa wakubwa wake London. Aliwaeleza kwamba sasa kuna kaburi moja la misheni katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa mapambano ya upande huu wa dunia yameanza. Kwa kuwa kanisa husonga mbele juu ya makaburi ya watu wake, aliwaambia wasione huo kuwa mwisho bali mwito wa kutuma watu wengine.

Barua hiyo imesomwa makanisani mara nyingi kama mfano wa imani, na kweli ni mfano. Lakini tukiisoma polepole tunaona pia kitu kingine. Mtu yule hakudai kwamba anaelewa kwa nini. Hakusema kwamba Rosine alikufa kwa sababu ya dhambi fulani, wala kwamba imani yake ilikuwa ndogo, kama wanavyoambiwa hadi leo baadhi ya wafiwa wanaoombewa na mgonjwa asipone. Mama huyu aliomba mpaka pumzi ya mwisho na bado alikufa. Krapf alimwachia Mungu swali hilo, akafufua kalamu yake. Huzuni haikuisha. Kwa karibu miaka miwili alikaa Mombasa bila mwenzake wa kazi, akikusanya maneno ya Kiswahili mmoja mmoja kutoka kwa wavuvi, wafanyabiashara na masheikh.

Tujiulize pia swali ambalo halijibiwi katika barua. Je, Rosine angeyaeleza mambo hayo kwa namna ile ile? Yeye hakusema juu ya mapambano. Aliomba tu kaburi lake liwe njiani.

Kupanda Rabai

Juni 1846 akafika mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani wa jimbo lile lile, mdogo kwake kwa miaka kumi. Punde Rebmann naye akaugua. Wakaamua kutafuta mahali pa juu penye hewa nzuri, wakaenda kwa wazee wa Rabai, mmoja wa makabila tisa ambayo leo tunayaita Mijikenda. Wazee wakawakubalia bila masharti magumu. Mwezi wa Agosti wakahamia, wote wawili wakitetemeka kwa homa, wakipanda kilima kwa shida na punda wao. Krapf alikiri baadaye kwamba pengine hakuna misheni iliyowahi kuanzishwa na watu dhaifu kuliko wao.

Na matunda yakawa machache sana. Mtu wa kwanza kubatizwa aliitwa Mringe. Alikuwa mlemavu, maskini, mtu ambaye wengi hawakumhesabu. Alikaa na Krapf akizungumza naye mambo ya Mungu usiku, na alibatizwa akiwa katika kitanda cha mauti. Kwa hiyo hata muumini wa kwanza Krapf alimpata na kumzika karibu kwa wakati mmoja. Wenzake waliotumwa kutoka Ulaya nao hawakudumu. Mwaka 1849 aliwasili Wagner na hakumaliza majuma mengi kabla ya kufa. Mwaka 1851 akaja Pfefferle, naye akafa mapema.

Watu wa Ulaya walihesabu na kuona hasara. Krapf alikuwa anachora ramani ya vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi bahari ya magharibi, kama mnyororo unaovuka Afrika nzima. Kwa hali aliyokuwa nayo, na tuseme ukweli, mpango ule ulikuwa kama wa mtu anayepanga ghorofa naye hana tofali. Mnyororo huo yeye hakuuona.

Hatutaki pia kumfanya malaika. Katika vitabu vyake kuna maneno makali na ya dharau juu ya desturi za wenyeji na juu ya Uislamu, maneno ambayo hatungependa kuyarudia redioni. Alikuwa mtu wa wakati wake, na mara nyingine hakuona kwamba wema aliotendewa na kadhi, na Sultani, na wazee wa kaya ulikuwa nao mkono wa Mungu.

Maji ya nyani

Rebmann aliuona Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848. Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, nyumbani kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Waliposema kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wataalamu wa Ulaya waliokuwa hawajawahi kufika Afrika wakawacheka. Hilo nalo walilivumilia.

Lakini safari tunayotaka kuisimulia ni ya mwaka 1851. Krapf alirudi Ukambani kutaka kujenga kituo Yatta. Njiani wanyang'anyi wakawashambulia, na mambo ya Yatta hayakwenda. Akaenda tena kwa Kivoi, naye akamchukua katika msafara wa kwenda mto Tana. Walipokaribia mto, kundi kubwa la watu wenye silaha likawaangukia. Kivoi akauawa pamoja na watu wake wa karibu, wengine wakatawanyika. Krapf alijikuta peke yake porini, hana chakula, na kiu imemshika.

Alifika mtoni akanywa. Kisha akawaza: nitabebaje maji? Hakuwa na kibuyu. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Akatembea usiku, mchana akajificha. Miiba ya vichaka ikang'oa majani yale na maji ya mitutu yakamwagika. Akala majani na mizizi. Siku nyingine akiwa amekaribia kukata tamaa kwa kiu alisikia kelele za nyani. Akafikiri kwamba penye nyani hapakosi maji, akafuata sauti hadi katika mkondo wa mto uliokauka, akakuta shimo ambalo nyani walikuwa wamelifukua mchangani, lina maji. Akamshukuru Mungu, akanywa. Ninyi mnaoishi sehemu kavu mnajua kwamba hii si hadithi ya ajabu. Nyani wanafanya hivyo hadi leo.

Shida haikuishia hapo. Alipowafikia Wakamba, jamaa za Kivoi walimlaumu. Kwao mgeni huyu alikuwa mganga mkubwa, kwa nini basi hakumkinga mwenyeji wake? Aliogopa kwamba atauawa, akatoroka usiku, akatangatanga tena kwa njaa. Mwishowe alifika Rabai, ambako wenzake walikuwa wameshasikia kwamba amekufa.

Alitafuta nini Ukambani? Kituo. Alirudi na nini? Hakurudi na kituo, na rafiki yake alikuwa ameuawa, na afya yake mwenyewe imeharibika. Katika maandishi yake anaeleza kwamba kule porini alijitoa kwa Mungu afanye apendavyo, aishi au afe. Na pia alitembea, akaficha nyayo, akasikiliza nyani. Tunaliweka jambo hili mbele yako msomaji, kwa sababu wako wanaofikiri kumtumaini Mungu ni kukaa na kungoja.

Kazi ya mezani

Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kurudi Ulaya. Alikaa Korntal, mji mdogo wa Wakristo karibu na Stuttgart. Alioa tena, akafiwa na mke huyo pia mwaka 1868, kisha akaoa mara ya tatu. Alirudi pwani yetu mara moja tu, mwaka 1862, akiwasaidia Wamethodisti kuanzisha misheni ya Ribe, lakini mwili ukakataa, akaondoka mwaka huo huo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya karatasi. Tangu zile siku za upweke Mombasa hakuacha kuandika maneno ya Kiswahili. Sura za kwanza za Mwanzo alizozitafsiri zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka Tübingen mwaka 1850, kwa herufi za Kirumi, ambazo ndizo unazosoma sasa katika simu yako. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa na maandishi yake kwa herufi za Kiarabu, na tenzi nzuri zilikuwa zimeandikwa hivyo kwa miaka mingi, kwa hiyo si kweli kwamba Krapf ndiye aliyekipa Kiswahili maandishi. Lakini kamusi kubwa ya Kiswahili ilikuwa bado.

Rebmann alibaki Rabai miaka ishirini na tisa bila kwenda kwao. Mkewe alifariki huko, naye akapofuka. Mwaka 1875 alirudi Ujerumani akiongozwa kwa mkono na kijana Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo. Akaishi Korntal karibu na Krapf, na mwezi wa Oktoba 1876 akafariki. Mwaka ule ule wa 1875 kituo cha watumwa walioachiliwa huru kilianzishwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande ule ule wenye kaburi la Rosine. Watu mamia wakaja kukaa huko na Rabai, na kanisa ambalo kwa miaka thelathini lilikuwa la watu wachache mno likajaa. Krapf alizisikia habari hizo akiwa mzee, mbali.

Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta chumbani mwake amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amefariki akiomba. Alizikwa Korntal, katika makaburi alimolazwa Rebmann. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka uliofuata, 1882, na ndani yake yamo maneno aliyoyakusanya Mombasa mwaka ule wa msiba.